Kila Mtu na Punje Yake

Stendi ya Kayanga saa nne asubuhi ni kelele tupu. Makonda wanaita Nyaishozi, bodaboda wanapiga honi bila sababu, na mama mmoja anabishana na mbuzi wake. Katikati ya vurugu hizo alisimama Sperancia, gauni la kitenge cha njano, miwani ya jua kichwani, na viatu vilivyotoka nyumbani vikiwa vyeupe.

"Kaka, akamwani yote hii bei gani?"

Nolasco aliinua macho kutoka kwenye kikapu chake cha kahawa ya kutafuna. "Yote? Dada, una harusi au unaumwa?"

"Nina wageni."

Sperancia, mwenye diploma yake ya hoteli, alikuwa mpokea wageni kwenye kambi mpya ya kifahari, juu mlimani kule Kyerwa.

"Matajiri wa siku hizi wamechoka na mabomba ya dhahabu," alisema. "Wanataka kulala kwenye msonge, kukanyaga nyasi ndani ya nyumba, na kunyang'anywa simu mlangoni."

"Bibi yangu aliishi hivyo miaka themanini. Kumbe alikuwa likizo!"

Sperancia alicheka mpaka miwani ikaanguka. Nolasco akaiokota na kuifuta kwa shati lake, nayo ikazidi kuchafuka. Mapenzi mengine huanza na maua. Haya yalianza na vumbi.

Kikapu cha tatu kilipofika kambini walikuwa wanaitana mpenzi. Sperancia alipiga simu akiwa juu ya jiwe nyuma ya jiko, ndipo mtandao ulipopatikana.

"Sogea kidogo, mpenzi, unakatika."

"Nikisogea naanguka bondeni."

"Basi angukia huku Kayanga, nikudake."

Nolasco akaanza kutafuta mshenga wa kwenda kwa wazazi wa Sperancia, Muleba.

Kumbe meneja wa kambi naye alikuwa anatafuta chake. Wageni walianza kunung'unika kwamba ngoma za hotelini ni maigizo. Wanataka kitu cha kweli. Akasikia habari za omukago, ule urafiki wa damu wa wazee wetu. Watu wawili wanapasua punje moja ya kahawa, kila mmoja anachovya nusu yake kwenye tone la damu yake, mwenzake anaimeza. Meneja akawaapia wageni wataona damu halisi. Mfanyakazi aliyepangwa akaingia mitini. Nolasco alikuwa ameleta kahawa, akavutwa mkono akae mbele ya wageni na Sperancia, ambaye ndiye angemchoma kidole.

"Ni urafiki tu," Sperancia alimwambia. Kwenye diploma hawakumfundisha zaidi ya hapo. Nolasco, anayeogopa damu kama paka anavyoogopa maji, alifumba macho, akanyoosha kidole, akasikia uchungu, akameza.

Wageni waliporudishiwa simu, wakatumiwa video aliyopiga meneja, nayo ikasambaa. Ikafika kwenye kundi la ukoo, na kwa mama yake Nolasco, Adelgunda, pale Nyaishozi.

"Huyu ndiye uliyesema utamleta?"

"Ndiye, mama."

"Umeshamleta. Ni binti yangu sasa, na ni dada yako."

Nolasco alicheka. Mama yake hakucheka.

"Baba yangu alikunywa omukago na mtu wa Kiruruma. Watoto wake walikuwa ndugu zetu, hakuna aliyewaza kuoana nao. Yule mtu alipokufa, baba alilia kama amezikwa yeye. Hawakuitiwa watazamaji."

Jioni Nolasco alipiga simu. "Habari ya kazi... dada Sperancia."

"Dada? Dada yako nani?"

Akamweleza. Sperancia alikuwa na neno moja la kumaliza yote, lakini neno hilo lingemfukuzisha kazi.

"Nitakupigia," alisema, akakata.

Siku nne simu haikulia. Nolasco akaelewa kwamba Sperancia amekubali kuwa dada. Aliuza kahawa bila utani, na wateja wakamuuliza nani amefariki.

Jumapili baada ya misa, Adelgunda alikuwa anamenya ndizi uani, Nolasco akipanga kuni. Bodaboda ikasimama. Sperancia akashuka na lile gauni la njano, mkononi chupa ya maji mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Neno hilo lilimchoma. Akapiga magoti, akaweka chupa chini.

"Damu ya siku ile ni hii. Juisi ya rosela. Niliogopa magonjwa, na sindano pia."

"Lakini ulinichoma!" Nolasco aliruka.

"Ulifumba macho. Nilikufinya kwa kucha."

"Mwanaume mzima!" Adelgunda alisema. Halafu akamgeukia Sperancia. "Kwa nini ulinyamaza?"

"Ningepoteza kazi, mama. Jana nimewaambia wote, meneja na wageni."

"Wakasemaje?"

"Mmoja alinuna. Mwingine, bibi mtu mzima, alishukuru. Alikuwa halali, anajiuliza kama sisi watoto tulijua tunachofanya."

"Na kazi?"

"Meneja kaniambia nikapumzike. Hakusema mpaka lini."

Adelgunda akaonja rosela. "Sukari imezidi." Akamenya ndizi mbili nzima. "Umewadanganya wageni, na hilo ni baya. Lakini umekuja mwenyewe kusema. Nolasco, umenyamaza nini? Mbona unatazama kuni?"

Nolasco aliangusha kuni. "Sperancia, mimi sina mlima wala msonge. Nina kikapu. Nimtume mshenga?"

"Nitanyang'anywa simu mlangoni?"

"Utaachiwa. Ila uwe unapiga."

"Mtume."

Adelgunda akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha akamwani, kama mgeni yeyote anavyokaribishwa. Nolasco, kwa furaha, akachukua punje moja, akaipasua, akampa Sperancia nusu.

Kofi likamtua mkononi.

"Kila mtu na punje yake!" alifoka mama. "Mnataka kuniharibia harusi mara ya pili?"

Wakatafuna, kila mmoja yake, wanatazamana.