Kitako cha Bunduki ya Kamanda Vejsil

Bunduki ilianza kutoka jasho Jumanne asubuhi, ndani ya karakana iliyokuwa na baridi kali hata Ševala akawa anaiona pumzi yake mwenyewe. Matone yalitokea kwenye kitako tu. Chuma kilikuwa kikavu. Aliyafuta kwa kitambaa. Alipogeuka kuchukua miwani, yalikuwa yamerudi, na chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua.

"Mirzet, umeipaka nini hii?"

"Mafuta ya kitani, dada. Kama kawaida."

"Mafuta ya kitani hayanuki kama kinyozi aliyeshika moto."

Mirzet, mdogo wake na seremala wa makumbusho, hakucheka. Mtu huyu alicheka hata mazishini. Ševala akamtazama mara mbili.

Kazi ya Ševala Hrnjić ilikuwa kuangalia mihuri iliyogongwa kwenye mbao za bunduki za kale na kusema ipi ya kweli, ipi ya uongo. Katika nchi yenye serikali nyingi kuliko madaraja, na kila serikali na muhuri wake, ilikuwa ajira ya ajabu: alilipwa mshahara ili asiamini muhuri.

Bunduki iliyokuwa mezani ilisemekana kuwa ya Kamanda Vejsil, shujaa wa bonde letu, aliyeuawa darajani mwaka 1943 akiwa ameikumbatia, na, kwa mujibu wa faili, akazikwa nayo hadi ilipofukuliwa majuzi. Ijumaa waziri angekuja kufungua ukumbi mpya, na bunduki ndiyo ingekuwa bibi harusi. Kamati ya watu saba ilikwisha kuipitisha. Cheti kilikuwa na mihuri minne na sahihi za watu wote ambao hawakuwahi kuiona. Ilibaki sahihi ya mtu mmoja aliyetakiwa kuiangalia.

Akaiangalia. Kwenye kitako palikuwa na nyota ndani ya duara, alama ya kikosi cha Vejsil. Akaisogezea kioo cha kukuzia. Muhuri wa kweli hugongwa mbao ikiwa mpya, kisha mikono, mvua na majasho ya miaka hulainisha kingo zake. Kingo za nyota hii zilikuwa kali kama sarafu iliyotoka kiwandani jana. Tena mbao iliyoizunguka ilikuwa imebonyea kidogo, laini, kama kidevu kilichonyolewa. Mtu alipitisha msasa hapo. Alifuta kitu, kisha akagonga kingine juu yake.

Ševala aliijua kazi hiyo. Aliijua kama mama anavyojua mwandiko wa mwanawe.

"Wewe," alisema taratibu. "Wewe, Mirzet."

Mirzet alikaa kwenye kigoda, akapandisha suruali. Kwenye muundi wa mguu wake palikuwa na nyota ndani ya duara, imevimba, nyekundu, safi kama iliyopimwa kwa rula. Juu ya goti kulikuwa na nyingine. Juu ya paja, nyingine.

"Kila nikiamka kuna mpya," alinong'ona. "Inapanda, dada. Usiku nasikia nyundo. Ngo. Moja tu. Halafu nasikia harufu ya nyama yangu."

Ševala alimzaba kofi. Kisha akamkumbatia kichwa, akakishikilia kifuani.

"Nani alikutuma?"

"Mkurugenzi. Alisema ni kurudisha tu kilichofutika."

Mkurugenzi Esad Pihura alikuwa na ofisi yenye zulia, na juu ya meza alikuwa na mihuri kumi na zaidi, imening'inia kwenye kitundikio chake kama popo.

"Daktari Ševala! Umeleta sahihi?"

"Nimeleta swali. Bunduki ile imethibitishwa na nani?"

"Na Kamati."

"Kamati iliiona?"

"Kamati iliona faili."

"Basi mwonesheni waziri faili. Mbao ni ya uongo."

Esad aliinuka, akafunga mlango kwa upole. Alikuwa mtu wa upole mwingi. Upole wake ndio uliotisha. "Andika hivyo, hakuna anayekuzuia. Polisi watauliza mkono ni wa nani. Si wangu. Mimi sijui hata kushika patasi. Ana watoto wangapi Mirzet, wawili?"

"Mshenzi wee."

"Ijumaa saa nne, Daktari. Kalamu ya bluu, tafadhali. Nyeusi hairuhusiwi."

Siku iliyofuata nyota zilifika kifuani. Mirzet alipumua kwa shida, kila pumzi ikipita kama msumeno kwenye mti mbichi, na bado alikuwa akimsihi dada yake. "Tia sahihi. Nikifungwa, mama atakufa kwa aibu. Haya madonda nitapaka dawa."

"Yakifika kooni utapaka nini?"

Alasiri Ševala akamleta efendi Abid, imamu wa msikiti wa mtaani, mzee mfupi mwenye mafua yasiyokwisha. Efendi aliinusa karakana, akaitazama bunduki, akauliza swali moja tu.

"Mti gani huu?"

"Mjozi."

"Bibi zenu hawakuwakataza kulala chini ya mjozi?"

"Walitukataza," alisema Ševala. "Walisema ni nyumba ya majini."

"Basi. Watu wakaukata mti, wakaupeleka kiwandani. Mwenye nyumba hakuhama."

Akaweka mkono juu ya kichwa cha Mirzet na kuanza kusoma, kwanza kwa sauti ya chini, na aya zilivyosonga ndivyo kitako kilivyozidi kutoka jasho, matone yakawa michirizi, michirizi ikadondoka sakafuni na kufuka moshi juu ya saruji, ile harufu ya nywele ikawa harufu ya nyama, patasi zikaanza kutikisika ukutani moja baada ya moja kama mtu anazipitishia kidole, na kutoka ndani ya ile mbao, mbao kavu isiyo na mdomo wala koo, ukasikika mguno wa kiumbe anayegeuka mahali pembamba alipobanwa kwa zaidi ya miaka mia, hadi Mirzet akafumbua kinywa, macho yake yakiwa yamefungwa, na ikatoka sauti ambayo haikuwa ya kwake wala ya mtu yeyote wa mtaa huo.

"MFALME ALINIGONGA. Nikanyamaza, kwa sababu kweli nilikuwa wa mfalme. Wageni wakaja wakaniteka, wakanigonga. Kweli walikuwa wameniteka. Baada ya vita karakana ya jeshi ikanikarabati, ikanigonga namba na mwaka. Kweli ilinikarabati. Kila mmoja alinichoma, na hakuna aliyenisingizia! Sasa huyu! Huyu ananipa maiti nisiyoijua! Ananipa daraja ambalo sijawahi kuvuka!"

"Toka kwa jina la Mwenyezi Mungu," alisema efendi.

"Niende wapi? Hii ni nyumba yangu! Ni ninyi mnaoandika ukutani!"

Mirzet akaanguka. Nyota ilikuwa imeanza kuvimba chini ya koromeo lake, ncha moja, kisha ya pili.

Efendi Abid alifuta pua kwa leso. Uso wake ulikuwa mweupe. "Siwezi kumtoa, binti yangu. Mimi hutoa majini waongo. Huyu anasema kweli."

"Kwa hiyo tumwache afe?"

"Usinipigie kelele mimi. Toa kilichomkasirisha."

Ševala alielewa: kilichomkasirisha ni ile nyota. Kisha akanyakua birika la kahawa, akalijaza maji, akaliweka juu ya jiko, akalilaani kwa kuchelewa kuchemka. Mbao iliyogongwa haikatwi. Nyuzi zake hulala tu, zimekandamizwa, na nyuzi zilizolala zikipata mvuke huamka. Kila anayehukumu mihuri anajua hilo. Alikishika kitako juu ya mdomo wa birika kwa mikono yake mitupu. Mbao ilikuwa na joto kuliko mvuke. Ilimuunguza, naye hakuachia.

"Pokea," alisema kwa meno yaliyoumana. "Pokea haki yako, umwachie ndugu yangu."

Nyota ya kwenye kitako ilivimba polepole, kingo zake zikasogeleana kama kidonda kinachopona, kisha ikajifunga. Pakabaki laini. Halafu, mahali palepale msasa ulipopita, kitu kingine kikaanza kuinuka kutoka chini, kimechomoza kama kovu: duara dogo, namba, na mwaka. 1951.

Bunduki iliyokarabatiwa karakanani miaka minane baada ya Vejsil kuuawa haikuzikwa mikononi mwa Vejsil.

Sakafuni Mirzet alivuta pumzi ndefu. Ncha za nyota kooni zilikuwa zimezama. Akalia kama mtoto, na efendi akalia pia, ingawa baadaye alisema ni mafua.

Ijumaa asubuhi Ševala aliandika neno moja kwenye cheti, "Bandia," na chini yake akaandika nani aliyeagiza na nani aliyegonga. Mirzet mwenyewe ndiye aliyemwambia aandike yote mawili. "Jela ina kuta nne tu," alisema. "Nilikuwa mahali pabaya zaidi."

Alitumia kalamu nyeusi.

Esad aliingia karakanani na cheti mkononi, suti mpya, tarumbeta za bendi zikilia uani. Kwa mara ya kwanza hakuwa mpole.

"Umenifuta! Waziri yuko getini na wewe umenifuta! Mirzet, chukua nyundo, irudishe nyota."

"Sichukui."

"Nakuamuru!"

"Niamuru hadi kesho, bosi. Kamwe."

"Usiiguse mbao hiyo, Esad," alisema Ševala. "Nakuchukia, na bado nakuonya."

"Wanawake na majini yao!" Alikinyakua chuma cha kugongea nyota kwenye rafu, akakisimamisha juu ya kitako, akanyanyua nyundo kama mtu anayeua nyoka, na akapiga kwa nguvu zake zote.

Ngo.

Mbao ilibaki laini. Hakuna hata mkwaruzo.

Akapiga tena. Ngo. Laini.

Nyundo ikamponyoka. Esad alisimama bila kutikisika, mkono wake ukapanda taratibu hadi kwenye paji la uso, nao ulipokutana na kilichokuwa hapo ukarudi nyuma haraka. Harufu ikajaa chumbani. Nje, bendi ilinyamaza, na mtu alikuwa akiita kwa furaha, "Mheshimiwa Mkurugenzi! Mheshimiwa, wanakusubiri!"

"Ševala," alisema kwa sauti ndogo. "Nina nini usoni?"

Ševala alichukua kioo chake, akamsogelea, akamwinua kidevu kwa vidole vilivyofungwa bandeji. Aliangalia bila haraka, kama alivyofundishwa. Pigo safi, halikuyumba. Kingo za nyota zimeshuka sawasawa. Nyama imekandamizwa, haikukatwa. Hakuna dalili ya msasa.

"Hii," alisema, "ni halisi."