Bibi Harusi wa Bafu la Mwisho

Asubuhi ile bafu la mwisho lilikutwa na maji, na bafu la mwisho halikuwa na bomba. Bomba lake lilikatwa zamani, wakati wa vita, hoteli ilipogeuzwa hospitali na chuma kikawa adimu. Mfagizi wa mabafu aliinama, akatia kidole, akakitoa upesi. Maji yalikuwa ya moto. Akadhani wenzake wanamtania, akazibua kizibo na kuendelea kupiga deki.

Wa kwanza kuambiwa habari hiyo alikuwa wifi yake, mtembeza wageni wa hoteli, ambaye mji mzima ulimwita Redio kwa kuwa akishafunguliwa hazimiki. Redio alicheka, akasema paa linavuja. Mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi, na wote wawili walilijua hilo.

Kazi ya Redio ilikuwa kusimulia historia ya mji wa chemchemi, na historia yenyewe haikuwa haba. Kulikuwa na mchungaji aliyeona mbuzi wake kilema akitoka kwenye dimbwi la moto huku anaruka. Wakaja wanajeshi kuosha vidonda, kisha matajiri wenye maumivu ya jongo, kisha ikajengwa hoteli ya marumaru na ukumbi wa kamari ambamo bwana mmoja alicheza hadi akayaweka rehani meno yake ya dhahabu. Halafu vita, halafu kiwanda cha maji ya chupa, halafu ukimya. Yote hayo ni kweli tupu, na yote yaliwatia wageni miayo. Meneja alishamwonya kwamba watu wakiendelea kusinzia atatafutwa mwingine. Naye Redio alikuwa mjane, na mtoto wake mmoja tu, binti waliyemwita Nukta kwa udogo wake, alikwenda naye kazini kila siku maana nyumbani hapakuwa na wa kumwachia. Mtoto huyo alikuwa ndiyo dunia yake.

Basi siku moja, kabla maji hayo hayajaonekana, katikati ya miayo, ulimi ukamponyoka. Akawaambia kwamba hapo palikuwa na bibi harusi. Alikuja kuoga kabla ya ndoa, bwana harusi akatoroka na dhahabu zake, naye akaingia bafu la mwisho na shela lake kichwani, asitoke tena. Maji yalipotolewa, likabaki shela tupu.

Miayo ikakoma. Kesho yake wakaja wengi zaidi, na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Redio akaongeza nywele ndefu. Akaongeza wimbo, alioutunga mwenyewe jikoni akiosha vyombo. Mwishowe akaongeza kwamba bibi harusi alikuwa na binti mdogo aliyemwacha kwa jamaa, na kila asubuhi hutoka majini kumtafuta, amsuke nywele. Hapo akina mama walitoa leso wakafuta machozi. Meneja alimpa mkono.

Wiki hiyohiyo ndipo bafu lilipoanza kujaa. Mfagizi alilimwaga, kesho akalikuta limejaa. Kisha ikaja harufu. Mji wote unanuka kiberiti cha chemchemi, hakuna mwenyeji anayeisikia tena harufu hiyo, lakini sasa Redio aliisikia nyumbani kwake, mbali na chemchemi, kwenye mto wa mtoto. Kitana cha Nukta kilikutwa kimelowa. Nukta naye akawa anaimba peke yake ule wimbo wa jikoni, wimbo ambao mama yake hakuwahi kuuimba mbele yake, na aliujua mpaka mwisho, hata ubeti ambao Redio alikuwa bado anauwaza kichwani.

Asubuhi moja, wageni walipokuwa wanapanga mstari nje, Redio alimkuta binti yake amekaa ukingoni mwa bafu la mwisho. Alikuja naye kazini akiwa na nywele timutimu. Sasa zilikuwa zimesukwa mistari myembamba, imenyooka, bado inachuruzika maji.

"Nani kakusuka?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Mama wa humu," mtoto alijibu. "Ana mikono ya moto."

Redio aliogopa, wala asikudanganye mtu kwamba alijikaza, kwa sababu nyuma ya mtoto mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye maji yasiyo na bomba, na ule mvuke haukutawanyika kama mvuke wa halali bali ulikusanyika, ukapata mabega, ukapata shela, zikaanguka nywele ndefu kama alivyozisema yeye mwenyewe mbele ya watu, zote, mpaka kiunoni, na chini ya shela pale penye uso hapakuwa na kitu, kwa sababu uso hakuwahi kuusimulia.

Alimnyakua mwanawe akakimbilia kwa mganga, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Mganga alimnusa mtoto, akamtazama mama yake kwa hasira.

"Majini ya chemchemi hayana sura," alisema. "Yalikuwepo kabla ya huyo mbuzi wako, na hayakuwa na shida na mtu. Wewe jini hili umelivika nguo, umelipa wimbo, umelipa na njaa. Nenda ukalivue. Kwa mdomo uleule."

Akamweleza namna ya kufanya. Asimame palepale, mtoto awepo, na akanushe neno moja moja mpaka hadithi iishe.

Kesho yake, kabla ya milango kufunguliwa, walisimama bafuni watatu, Redio, wifi yake na Nukta. Mvuke ulikuwa umeshasimama unawangoja. Redio akaanza. Akasema hapakuwa na bwana harusi, aliongopa. Maji yakatikisika. Akasema hapakuwa na dhahabu, na kitu kikalia chini ya bafu kama pete inayobiringika. Akasema hapakuwa na shela, na shela likayeyuka. Akakanusha wimbo, nao ukakatika kooni mwa Nukta aliyekuwa anauimba. Nywele ndefu zikaanguka majini zikapotea. Kikabaki kiwiliwili cha mvuke na mikono miwili tu, na mikono ile ilikuwa imenyooshwa kuelekea kwa mtoto.

"Limebaki moja, wifi," mfagizi alinong'ona. "Malizia."

Lililobaki lilikuwa kwamba yule mama alikuwa na binti. Redio akafungua kinywa, akasema, "Hakuwa na...", na hapo akamtazama mwanawe. Maji ya moto yalikuwa yanamtoka Nukta puani na mdomoni, midomo imekuwa myeupe, ile mistari ya nywele inafumuka yenyewe, na kwenye shavu lake, Mungu wangu, kwenye shavu lake vigae vya ukutani vilianza kuonekana, vya bluu, kimoja kimoja, kana kwamba mtoto naye ni mvuke, na Redio akaelewa kwamba kitu kile kilikuwa kimeshapata binti, na binti mwenyewe ni huyu, na akilifuta neno lile atawafuta wote wawili.

Akafumba mdomo. Redio, ambaye hazimiki, akazimika.

Kisha akasema polepole, huku analia, "Alikuwa na mtoto. Alimpenda sana."

Nukta akavuta pumzi.

Siku hizi hoteli inajaa. Redio husimulia kila asubuhi, shela limerudi, nywele zimerudi, na haongezi wala hapunguzi neno. Siku aliyougua homa akashindwa kuja, kufikia mchana Nukta alikuwa anatapika maji ya moto, na ikabidi wambebe mama yake hadi bafuni akaisimulie kwa kunong'ona, hakuna msikilizaji ila mfagizi na yule mwingine.

Wageni huuliza swali moja kila mara. Je, alimpata mtoto wake? Redio hujibu kama alivyojibu tangu mwanzo, kwamba bado anamtafuta.

Juzi mgeni mmoja aliuliza hivyohivyo. Nukta alikuwa amekaa ukingoni mwa bafu, nywele zimesukwa upya, miguu ndani ya maji. Hakumtazama Redio. Alitazama juu, penye mvuke.

"Keshanipata," alisema. "Sivyo, mama?"

Wageni wakapiga makofi.