Damu Moja, Mikono Miwili

Lifti ya jengo lile iligoma asubuhi, saa ile ile watu wanapofurika kwenda kazini. Kila aliyefika ukumbi wa chini alikuwa na neno la kumtupia fundi aliyejikunja kwenye mlango wa lifti, ovaroli ya buluu imefumuka begani, tochi mdomoni.

"Wewe fundi, unatengeneza au umelala humo?" sauti ya kike ikauliza.

Fundi akagonga kichwa kwenye chuma. Si kwa ajili ya lile neno, bali sauti. Sauti hiyo alikuwa akiisikia kila asubuhi kwenye simu ya mama yake: shikamoo mama, umeamkaje, dawa umekunywa? Akatoa kichwa. Mbele yake alisimama nesi mwenye raba za kukimbilia, kilemba cha kijani, na sare iliyopigwa pasi mbele tu kwa sababu nyuma hakuna aliyekuwa na nguvu ya kufika.

"Wewe ndiye binti wa simu," akasema. "Wa presha."

"Makubwa! Na wewe nani?"

"Mtoto wa yule mama anayekuonyesha dari."

Nesi akacheka mpaka akashika ukuta. Kazi yake ilikuwa ghorofa ya saba, kuwaangalia kwa simu wazee wenye presha na sukari wasioweza kwenda hospitali kila mara. Kila mzee alipewa mashine ya presha yenye mkanda wa mkononi. Akishajipima, namba zinajituma zenyewe hadi kwenye kompyuta ya nesi, kisha nesi anampigia simu ya picha. Mama huyu hakuwahi kujua simu inashikwaje. Miezi yote hiyo nesi hakuuona uso wake, ila dari na doa la maji lenye umbo la sufuria.

"Dari yenu inavuja," nesi akasema. "Na nyumba ina fundi!"

"Kinyozi hajinyoi, nesi."

"Haya, kinyozi. Nipishe nipande ngazi, wazee wa watu wananisubiri."

Akapanda. Fundi akabaki anatabasamu na skrubu mkononi, amesahau inapokwenda.

Mapenzi yao yakawa ya watu waliochoka, na msidhani hayo ni madogo. Walikutana kwenye mgahawa wa chai nyuma ya jengo. Fundi alikuwa ameamka alfajiri kumwogesha mama, kumpikia na kufua, kisha akashinda juu ya lifti za watu. Nesi alikuwa ameongea tangu asubuhi hadi koo limekauka. Mara nyingine mmoja alisinzia katikati ya sentensi na mwenzake akainywa ile chai isipoe.

"Mpenzi, unanisikiliza?"

"Nakusikiliza, mpenzi."

"Nimesema nini?"

"Umesema unanipenda."

"Mwongo mkubwa! Nimesema una grisi sikioni." Akamfuta kwa kitambaa chake, naye fundi akafumba macho.

Sasa nikwambie kilichokuwa kikitendeka nyumbani, maana nesi hakukijua. Mama mkono wake ulikuwa mnene, na ule mkanda ulimminya mpaka machozi. Asubuhi moja akaukataa. "Vaa wewe, mwanangu. Wewe si damu yangu? Damu moja, mashine itajulia wapi?"

Fundi alikuwa anachelewa. Namba zisipokwenda, simu ya kuulizia ingeita mpaka mama akasirike. Akauvaa mara moja. Kesho yake mama akamnyooshea tena, akavaa tena, na jambo likawa mazoea kama kufunga mlango. Namba hakuziangalia hata siku moja.

"Mpenzi, namba za mama zinanitia hofu," nesi akamwambia kwenye simu. "Zimepanda vibaya. Dawa anakunywa kweli?"

"Mbele ya macho yangu."

"Basi daktari atamwongezea."

"Fanyeni haraka, nakuomba. Sina mwingine zaidi yake."

Hapo mtu mwenye usingizi wa kutosha angeshtuka. Fundi alisikia kitu kimoja tu, kwamba mama anaumwa, na moyo ukamwenda mbio. Kesho yake akavaa mkanda na moyo huo huo. Daktari akaongeza dozi. Nesi akawa anauliza dari, "Mama, unasikia kizunguzungu?" na dari inamjibu, "Sijambo, mkwe wangu." Basi nesi anafurahi kuitwa mkwe, yanaishia hapo.

Mama akaanguka jikoni. Hospitali wakasema presha imeshuka mno, dawa imezidi. Fundi akapiga simu akiwa bado amesimama koridoni.

"Dawa yenu nusura imuue mama yangu!"

"Mungu wangu! Tulia mpenzi, niambie yuko..."

"Usiniite mpenzi! Mnakaa ghorofani na kompyuta zenu, mnacheza na roho za wazee wa watu!"

Akakata. Nesi aliendelea kuishika simu sikioni kama vile kuna mtu. Kabla hajafuta machozi, msimamizi wake akamwita: asiguse mgonjwa yeyote mpaka ajieleze, na asipokuwa na maelezo, kazi hana. Angejieleza nini? Kila namba aliiona kwa macho yake mwenyewe.

Jioni, nesi wa wodi akaja na mashine ya presha. Mama, sauti bado nyembamba, akaficha mkono chini ya shuka, akaonyesha kidole kwa mwanawe. "Mpime huyo. Ndiye anayepimwa siku zote."

Nesi wa wodi akacheka. Fundi hakucheka. Alikaa chini pale pale, akautazama mkono wake mwenyewe.

Kesho yake alikwenda ghorofa ya saba. Lifti ilikuwa nzima, yeye mwenyewe aliitengeneza, lakini alipanda ngazi kwa sababu alitaka kuchelewa kufika. Alifika anahema, masikio yanavuma, akasimama mbele ya msimamizi.

"Nesi hana kosa. Mkanda niliuvaa mimi. Namba zote zile ni zangu."

Nesi alikuwa mlangoni, amesikia. Akamsogelea.

"Nimekosa usingizi kwa ajili ya moyo wako nikidhani ni wa mama," akasema. "Halafu ukanitukana." Akatoka, na baada ya hapo simu za fundi hakuzipokea.

Nesi alirudishiwa kazi. Mama naye akaruhusiwa kurudi nyumbani. Fundi akamwogesha, akapika, akafua, akachoka, na sasa hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba amechoka. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Asubuhi moja simu ya mama ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe! Nimepona mimi."

"Nashukuru mama. Naomba mgonjwa."

"Si ndiye mimi?"

"Yule mwingine."

Fundi akaichukua simu kwa mikono miwili.

"Nina hasira na wewe," nesi akasema.

"Najua. Nisamehe."

"Zile namba ni mbaya sana, na mwenye nazo kila siku yuko juu ya lifti na usingizi wake. Siwezi kukukasirikia na kukuhofia kwa pamoja, nachoka. Nakuja jioni."

Alikuja na raba zake na mkoba. Alipoingia tu akainua macho darini. "Hatimaye tumeonana," akaliambia lile doa, na mama akacheka mpaka kitanda kikalia.

Akaupima mkono wa mama kwa utepe, kisha akautazama ule mkanda. Ulikuwa mdogo. Waliwagawia wazee wote saizi moja.

"Mama, mbona hukuniambia unakuminya?"

"Uliniuliza dawa, mwanangu. Hukuniuliza kama mkanda unauma."

Nesi akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama." Akatoa mkobani mkanda mpya, mpana, akamfunga taratibu. Mama akasubiri kuumia, hakuumia. Namba zake zilikuwa nzuri.

"Haya, wewe. Kaa. Usikunje miguu, na usiongee mpaka ilie."

Mkanda ukaanza kujaa hewa. Kichwa cha nesi kilikuwa karibu na kifua chake, kinanukia sabuni.

"Nimechoka," fundi akasema.

"Nimesema usiongee."

"Nimechoka kuchoka peke yangu. Nataka kukuoa."

"Mwanangu, mashine inapima!" mama akapiga kelele.

Mashine ikalia. Nesi aliangalia namba, machozi yakimlenga. "Umeiharibu. Imepanda hadi nashindwa kuiandika."

"Nijibu kwanza."

Akaufungua mkanda, akaufunga upya, hakuwa na haraka. "Ndiyo," akasema. "Na dawa utakunywa mbele yangu. Sasa nyamaza tupime tena."

Mama akatoa mkono chini ya shuka, akaunyoosha. "Kama wake unasumbua, nipimeni mimi. Damu yetu si moja?"

"Si moja, mama!" wakajibu wote wawili.