Mtego Ambao Sabiri Hakuutega

Kila asubuhi, baada ya sala, Sabiri wa mtaa wa Ipuli huchonga mizinga ya nyuki. Siku hiyo hakuchonga. Alishika simu ya mkewe Tunu, ambayo binti yao Ummy, mwenye miaka kumi na mitatu, huitumia kusomea. Ummy alikuwa amemwambia mama yake huku akilia kwamba mtu asiyemjua anamwandikia kila siku. Anamwomba picha za aibu, na kumkataza kuwaambia wazazi.

Tunu alitaka kufuta kila kitu. Sabiri alitaka mtego, kama aliouona kwenye televisheni: mwanamume anaandikiwa aje, kana kwamba anayemwandikia ni mtoto, na akifika anakuta fimbo na kamera. Alikwisha kuandika, “Njoo karakana ya Ipuli saa kumi.” Bado kutuma tu.

Hapo akaingia jirani yao Recheli, afisa ustawi wa jamii, kuulizia mzinga wake. Uso wa Sabiri haukuficha kitu. Ikabidi aeleze yote, hata kile kipindi cha televisheni.

“Baba Ummy, usitume,” alisema Recheli. “Unajua yaliyofuata baada ya kipindi kile?”

Sabiri hakujua. Recheli akamsimulia. Waliompiga yule mtu walishtakiwa. Kesi dhidi ya mtu huyo ikayumba, maana waliompiga ndio waliomwandikia na kumwita. Mtoto naye akatambulika mtaani, akaacha shule kwa aibu.

“Kwa hiyo nikae tu, dada? Mimi ni baba.”

“Usikae. Ila usimjibu, na mama asifute hata neno, huo ndio ushahidi. Twende polisi, dawati la jinsia na watoto. Au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Na Ummy asigombezwe. Amefanya vema kusema.”

Sabiri akafuta ujumbe mmoja tu, ule ambao hakuutuma. Wakaenda wote.

Wiki ya tatu polisi walimkamata mtu huyo. Alikuwa akiwaandikia watoto wengine wanne.

Habari zikafika karakana. Masolwa, mteja mpenda maneno, akajikalisha juu ya gogo.

“Nasikia aliyemfichua yule mtu ni mtoto wa hapa hapa. Wa nani? Lakini wewe fundi utajua nini, unajua mbao tu.”

“Kweli, najua mbao tu,” alisema Sabiri, na moyoni akamshukuru Mungu.

Ummy akapita na sare ya shule. “Shikamoo, mzee Masolwa.”

“Marahaba, mwanangu. Soma sana,” akaitika Masolwa, kisha akaendelea kubahatisha majina ya watoto wa mtaa wa pili.