Matundu Thelathini na Sita

Kila asubuhi Brigita alifungulia kuku, akawamwagia pumba, akaokota mayai na kuyapanga kwenye trei. Uji wake aliunywa akiwa amesimama, kwa sababu nyumbani kwao ukikaa tu chini, mama anakumbuka kazi nyingine ya kukutuma. Baada ya hapo alishika mkoba wake na njia ya shule. Alikuwa darasa la saba, mwenye miaka kumi na mitatu na miguu mirefu, na hapo Karatu mjini wasichana wa kumpita kwa baiskeli ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Shida ni kwamba baiskeli yenyewe ilikuwa nusu. Fundi Lazaro, mzee mwenye banda la baiskeli karibu na stendi, alikuwa amempa fremu kuukuu ya baiskeli ya resi, nyepesi na imara. Magurudumu yake yalishakufa zamani. Brigita alikuwa akisafisha spana za mzee kila jioni, na kwa kazi hiyo alipata ringi mbili mpya. Zilining'inia ukutani bandani zikisubiri habu, yaani kile kitovu cha gurudumu chenye ekseli na gololi, ambamo spoku zote huchomekwa. Hela ya habu aliitoa kwenye mayai. Miezi minane ya mayai ilikuwa imefika shilingi elfu arobaini.

Na haraka ilikuwepo. Wiki mbili mbele kulikuwa na mashindano ya shule, kutoka Karatu hadi Mbulumbulu na kurudi. Wasichana wawili wa kwanza wangepelekwa kambi ya mazoezi Arusha wakati wa likizo. Brigita aliitaka nafasi ile mpaka akaiota.

Sasa njoo kwa Ritha. Ritha alikuwa rafiki yake tangu darasa la pili, msichana mcheshi, nyumba yao ya tatu kutoka kwa kina Brigita. Mjomba wake aliendesha magari ya watalii, na mwaka huo wageni fulani walimwachia baiskeli ya resi, naye akampa Ritha. Baiskeli ile ilikuwa na habu nyekundu zinazong'aa. Ritha akiacha kupiga pedali, habu ya nyuma ililia tiki-tiki-tiki-tiki, na watoto wote njiani wakageuka kutazama.

Tusifichane, Brigita aliona wivu. Si ule wivu mdogo wa kalamu ya mwenzako. Huu ulimkaa rohoni asubuhi hadi jioni. Akisikia ile tiki-tiki barabarani, uji ulimshinda. Ritha akimsalimia, "Mambo, Brigi!" yeye alijibu "Poa" huku macho yakiwa kwenye gurudumu. Miguu ninayo mimi, alijiambia, baiskeli anayo yeye. Hii ni haki gani?

Jioni moja alimkuta Fundi Lazaro akinyoosha ringi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona leo sura imekunjamana hivyo? Nani kakunyima chakula?"

"Babu, habu kama za Ritha zinapatikana?"

Mzee alicheka puani. "Kesho mnadani, Nelson atakuwepo na vyuma vyake vya mitumba. Sikiliza vizuri. Wewe hela yako ina kikomo, kwa hiyo usinunue rangi. Kwanza hesabu matundu. Ringi zako zina matundu thelathini na sita, na habu lazima iwe na matundu thelathini na sita, moja likipungua spoku hazisukiki. Pili, shika ekseli, zungusha polepole, fumba macho. Vidole vitakwambia kama ndani kuna mchanga. Tatu, chukua inayofunguka kwa spana, ambayo gololi zake zinauzwa hapahapa Karatu. Vumbi letu hili unalijua."

"Sawa, babu."

"Rudia."

Brigita alirudia yote matatu, neno kwa neno.

Kesho yake, mnadani, Nelson alikuwa ametandaza turubai lake kati ya wauza viatu na wauza mbuzi. Habu zilikuwepo jozi mbili tu. Jozi ya kwanza ilikuwa nyeusi, iliyopauka kidogo, bei elfu thelathini. Brigita alifumba macho akaizungusha, na ilizunguka laini kabisa. Elfu kumi ingebaki ya spoku. Alisimama nayo mkononi kwa muda mrefu.

Jozi ya pili ilikuwa nyekundu. Nyekundu ileile! Elfu arobaini.

Pengine angechukua nyeusi, Mungu ndiye ajuaye. Lakini wakati uleule, nyuma yake, tiki-tiki-tiki-tiki! Ritha alipita akikwepa mbuzi, watoto watatu wakimkimbilia kwa vigelegele. Brigita alihisi moto umewaka kifuani. Akairudisha ile nyeusi kwenye turubai.

"Nipe hizo nyekundu."

"Umehesabu matundu, dada?" Nelson alimuuliza. "Mimi kesho nafungasha naenda mnada wa Mbulu. Ukishaondoka nayo, huku narudi baada ya wiki kadhaa."

"Nimehesabu," alisema Brigita. Hakuwa amehesabu hata moja.

Nyumbani alijifungia chumbani, akazilaza habu zake kitandani, akazifuta kwa kanga na kuzizungusha. Zililia kidogo, tik, tik. Alitabasamu peke yake. Baadaye alikumbuka kuhesabu. Alichomoa njiti za fagio, akachomeka moja moja katika kila tundu la habu ya nyuma ili asipoteze hesabu. Matundu yakaisha akiwa amefika ishirini na nane. Akazichomoa zote akaanza upya. Ishirini na nane. Ya mbele nayo, ishirini na nane.

Miezi minane ya mayai, na hela imeisha yote! Angemwambia nini Fundi Lazaro, baada ya kurudia maneno yake kama wimbo? Alizifunga habu kwenye mfuko wa plastiki, akazifukia ndani ya gunia la pumba za kuku.

"Umeleta?" Fundi alimuuliza siku iliyofuata.

"Nelson hakuja mnadani, babu."

"Hakuja? Nelson huyu? Anaumwa?"

"Sijui, babu."

Uongo ukishatoka unataka wenzake. Brigita alieleza jinsi alivyozunguka mnada mzima, jinsi alivyouliza kwa wauza mbuzi. Mzee alimsikiliza akitikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko kofi.

Wiki hiyo lilitokea jambo la ajabu, Ritha alianza kuja shule kwa miguu. Ile tiki-tiki haikusikika tena. Brigita alifurahi. Ndiyo, alifurahi, halafu akajichukia kwa kufurahi, halafu akafurahi tena. Hakumuuliza mwenzake kulikoni, na Ritha naye siku hizo alikuwa akimkwepa.

Siku nne kabla ya mashindano, Fundi Lazaro alimwita. "Kusuka magurudumu mawili ni kazi ya siku nzima, mjukuu wangu, hatuwezi kungoja zaidi. Kesho alfajiri napanda basi la Mbulu nikamtafute huyo Nelson mwenyewe kwenye mnada wa huko."

"Babu, goti lako!"

"Goti litakaa kwenye kiti kama mimi," alisema mzee. Lakini goti lenyewe lilikuwa limevimba kama kiazi, na njia ya Mbulu ni vumbi na mashimo mwanzo mwisho.

Asubuhi hiyo kuku walikosa pumba kwa wakati. Brigita aliingiza mkono kwenye gunia, akatoa mfuko, akakimbia mpaka stendi. Basi lilikuwa linanguruma. Konda alikuwa akiita, "Mbulu! Mbulu! Wa mwisho!" Fundi Lazaro alikuwa ameshaweka mguu mzima kwenye ngazi na sasa alikuwa akiuvuta ule mbovu kwa mikono yake miwili.

"Babu, shuka! Nelson alikuja!" Brigita alilia palepale mbele ya watu. "Alikuja, na nilinunua, na sikuhesabu. Niliona wivu, babu. Nilitaka kama za Ritha. Zina ishirini na nane. Nikakudanganya."

Fundi alimtazama. Konda akauliza, "Mzee, unaenda au huendi?"

"Nenda na gari lako," alijibu mzee, akaushusha mguu. Alitembea akichechemea mpaka bandani, na Brigita nyuma yake akifuta kamasi kwa mkono wa sweta.

Mlangoni walimkuta mtu amekaa kwenye benchi. Alikuwa Ritha, amepakata mfuko wa plastiki, baiskeli yake imelazwa chini. Alipomwona Brigita alisimama ghafla kama aliyekamatwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Na wewe una nini asubuhi yote hii?"

Ritha aliinamisha kichwa, akafungua mfuko. Ndani zilikuwa habu mbili nyeusi, zilizopauka kidogo.

"We!" alisema Brigita. "Hizo si nilizozishika mimi kwa Nelson?"

"Ndizo," Ritha alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuona umesimama nazo muda mrefu, nikajua babu ndiye amekuelekeza. Ulipoondoka nikazinunua mimi."

"Kwa nini? Si una nyekundu?"

"Nyekundu gani!" Ritha aliangua kilio. "Ya nyuma imekwama, haizunguki! Nilikuwa nakuonea wivu, Brigi. Wewe ukipewa chuma chochote unakifungua, unakitia grisi, kinapona. Babu anakufundisha kusuka gurudumu. Mimi nina baiskeli nzuri na sijui hata kuishika spana. Nikasema nikipata habu alizokuelekeza babu nitakuwa kama wewe. Sasa nimehesabu jana, ringi zangu zina matundu ishirini na nane, na hizi zina thelathini na sita."

Muda wote ule aliokosa uji kwa sababu ya Ritha, Ritha naye alikuwa anakosa raha kwa sababu yake! Polepole alifungua mfuko wake, akaweka habu zake nyekundu kwenye benchi, kando ya zile nyeusi.

Fundi Lazaro akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akashika goti, akaendelea kucheka. Wasichana walitazamana, na wao wakashindwa kujizuia.

"Na ile tiki-tiki mliyokuwa mnaishangilia mji mzima," alisema mzee akifuta machozi, "ilikuwa habu inalilia grisi. Ndani ilikuwa kavu, vumbi limejaa. Kila siku inapaza sauti, na ninyi mnapiga vigelegele! Haya, badilishaneni. Ritha, hizi nyekundu zitakaa kwenye ringi zako. Bado hazijala vumbi, nitazijaza grisi leo, na usishangae zikinyamaza. Halafu uwe unakuja hapa jioni ujifunze spana."

Walibadilishana. Ritha akaongeza elfu kumi iliyozidi, ikawa hela ya spoku za Brigita. Siku ile na iliyofuata walisuka magurudumu manne, Brigita akimwonyesha mwenzake spoku ipi ipite juu na ipi ipite chini, na mzee akinyoosha.

Siku ya mashindano jua lilikuwa kali na vumbi jekundu lilipanda hadi kwenye kope. Kwenye lami hadi Rhotia wasichana walikwenda kundi moja, lakini walipoingia njia ya Mbulumbulu, baiskeli zilianza kulalamika moja baada ya nyingine. Gurudumu la Brigita halikutoa sauti yoyote. Lilizunguka tu. Alikazana, akapita mmoja, akapita wa pili, na waliporudi mjini mbele yake alikuwa amebaki Marsela, mtoto wa wakulima wa hukohuko Mbulumbulu, ambaye hakuna aliyemfikia. Brigita akawa wa pili. Arusha ilikuwa yake! Ritha, wa tano, aliiangusha baiskeli yake, akamrukia shingoni akipiga kelele kuliko mama mzazi.

Fundi Lazaro aliwafuata na chupa ya maji. Alimkuta Brigita amekaa ukingoni mwa barabara, anatweta, macho yamekaza upande mwingine.

"Unatazama nini, mjukuu wangu?"

"Pedali za Marsela, babu. Umeziona zilivyo?"

Mara akasikia mwenyewe alichosema, akafunika mdomo. Ritha akacheka kwa nguvu.

Mzee alikaa chini taratibu, goti moja amelinyoosha. "Sikilizeni wote wawili. Kuona kizuri cha mtu si kosa, macho tumepewa tuone. Lakini siku ile mnadani kila mmoja wenu alijua cha mwenzake kwa rangi na kwa mlio, na cha kwake mwenyewe hakujua hata kina matundu mangapi. Wivu uliwafanyia hivyo. Na wewe, Brigita, ukikosea, njoo useme siku hiyohiyo. Kosa la matundu nimelitengeneza kwa siku mbili. Uongo ulibaki kidogo unipeleke Mbulu na goti hili, na huo sina spana yake."

"Nimesikia, babu. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe tangu stendi. Sasa hebu niambie, gurudumu lako lina spoku ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Umehesabu baada ya lile vumbi lote, au unaniambia tu?"

Brigita aliinuka, akaigeuza baiskeli yake magurudumu juu, akaanza kuhesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu. Marsela alipita karibu akiisukuma yake, na Brigita hakugeuza kichwa mpaka alipomaliza.