Hodi ya Mwenye Njaa

Sauti ilibisha hodi mara ya tatu, na Yudith, ambaye mama yake alimlea vizuri, akaitikia karibu.

Kosa lilikuwa hilo tu. Wala hakugeuka kutazama mlango, maana mtu anayelaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi hageuki. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinua taya la Mzee Kornelio, fundi seremala na mvuta tumbaku aliyekuwa akipasuliwa ngiri, kidole kimoja kikiwa juu ya mshipa ulio mbele ya sikio. Mkono wa kulia ulikuwa ukidondosha etha kwenye shashi iliyomfunika pua na mdomo. Kazi yake ilikuwa kusikiliza pumzi, kufunua kope na kutazama mboni, kuhisi mapigo, basi. Kila mtu katika hospitali ile ndogo ya juu ya Lushoto alijua kwamba mlango wa chumba cha upasuaji haubishwi hodi. Lakini kwa Wasambaa kuacha hodi bila jibu ni kukosa adabu, na adabu ikishamwingia mtu mifupani hujibu yenyewe, mwenyewe akiwa na shughuli zake.

"Umemkaribisha nani, Sista?" aliuliza Kuluthumu, muuguzi wa kutoka Tanga aliyesimama ng'ambo ya kitanda akishika mkono wa mgonjwa. "Mlango haujafunguka."

Yudith alisema huenda ni wale wa kufua mashuka. Hapo hapo akasikia harufu. Etha ina utamu wake wa kichefuchefu na alishauzoea, lakini hii ilipita chini yake, harufu ya jivu lililolowa mvua, kama ya jiko la nyumba iliyohamwa.

Wanawake wale wawili walikuwa na desturi ya kulinganisha. Yudith alihesabu mapigo ya kichwani, Kuluthumu ya mkononi, kila mmoja akataja alichopata, na siku zote yalilingana kwa sababu mtu ana moyo mmoja. Siku ile Yudith alitaja mapigo ya mzee aliyelala usingizi mzito. Kuluthumu akataja mapigo ya mtu aliyepanda mlima mbio.

Dokta Zahoro, bila kuinua uso, aliwaambia wahesabu tena. Walihesabu. Ya kichwani yalikuwa yakififia, ya mkononi yakizidi nguvu, na mwishowe kidole cha Yudith hakikupata kitu. Daktari alisukuma kifua cha mzee mpaka jasho likamlowesha mgongo, kisha akavua glavu na kusema amekwenda.

Kuluthumu hakuuachia mkono. "Daktari," alinong'ona, "mimi bado nahesabu."

Walipokuwa wamesimama hivyo, nje ya mlango mtu alikohoa kikohozi kikavu cha mvuta tumbaku. Hodi, akasema, hodi jamani. Sauti ilikuwa ya unyonge kabisa. Lakini nani alikuwa na nafasi ya kukaribisha wageni, mbele yao kukiwa na maiti ambayo mkono wake unapiga? Hakuna aliyejibu. Baadaye mkono nao ukanyamaza. Daktari alisema ni moyo, ni uzee, na habari ya mkono hakuigusa tena.

Kuluthumu hakuridhika. Siku yake ya mapumziko aliteremka Magoma kwa mganga anayejua mambo ya majini, akarudi na maneno. Mwaka ule watu walikuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, na huko vilimani nyumba nyingi zilikuwa zimebaki tupu. Watu walibeba masufuria na majembe yao, lakini kilichokuwa kikiota moto nao kwa siri hakikubebwa na mtu. Sasa kinatafuta pa kukaa. Na mtu aliyelazwa kwa etha, alisema mganga, ni nyumba ambayo mwenyewe ametoka. Kilichokaribishwa chumbani mle hakijatoka. Basi Yudith asiitikie tena hodi yoyote humo ndani, hata ikibishwa kwa sauti ya marehemu mama yake.

Yudith alikuwa Mlutheri, mwimbaji wa kwaya, binti wa mzee wa kanisa. Alicheka. Hakucheka sana.

Masika yakaanza. Etha ikabaki chupa moja, wagonjwa wa kupasuliwa wakawa wanapelekwa Tanga, na chumba kile kikafungwa. Yudith alishukuru Mungu kimyakimya. Kisha mvua ikaporomosha mlima juu ya barabara ya Mombo, njia ya kwenda Tanga, na mchana ule ule, kwa machela, kutoka Rangwi, wakamleta Dina.

Dina alikuwa mdogo wake. Mama yao alipofariki Yudith ndiye aliyembeba mgongoni, akamsomesha, na sasa Dina alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, akiwafundisha wazee kuandika majina yao huku akiwatania kwamba mkono wa jembe hauogopi kalamu. Majirani wote wa Yudith walimjua kwa hodi yake. Alianza kubisha tangu shambani, kwenye migomba: "Hodi, dada, mwenye njaa nimefika!" Shikamoo ilifuata baadaye, mdomo ukiwa umeshajaa chakula.

Siku hiyo hakubisha. Kidole tumbo kilikuwa kimevimba na homa imempanda. Dokta Zahoro alisema usaha ukipasuka tumboni hataiona kesho. Yudith akasema yeye hawezi kumlaza ndugu yake, amtafute mtu mwingine.

"Nani?" aliuliza daktari. Naye alijua, kama alivyojua Yudith, kwamba hakuna.

Kuluthumu alimvuta pembeni. "Usiitikie, mwenzangu. Ninakuomba. Chochote utakachosikia."

Kitandani Dina alijaribu kutabasamu. "Dada, nikiamka nikute makande," alisema. Halafu, shashi ikiwa tayari usoni, akasema kwa Kishambaa, taratibu, kwamba asimlaze akamsahau. Yudith alijibu kwamba hawezi kumsahau. Akaanza kudondosha.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda vizuri, pumzi ikashuka, mboni zikatulia, mapigo ya kichwani na ya mkononi yakalingana, na Yudith akaanza kuamini kwamba hofu yote ile ilikuwa ya Kuluthumu na mganga wake. Kisha jivu lile lililolowa likanuka, safari hii halikutoka mlangoni bali chini ya kitanda, likapanda polepole mpaka usawa wa mto, na chini ya kidole chake mshipa wa Dina ukaanza kusita, ukipiga na kungoja, ukipiga na kungoja zaidi, huku Kuluthumu akitaja mapigo ya mkononi kwa midomo iliyokauka, mengi, ya nguvu, yasiyo ya mgonjwa.

Mlangoni mtu alikwaruza kwa kucha.

"Hodi," ikasema sauti. "Dada, hodi."

Yudith alifumba mdomo. Sauti ilikuwa ya Dina, kila pembe yake, na Dina alikuwa hapa, kichwa chake kikiwa mkononi mwake, na hilo ndilo lililomwonyesha wazi ujanja wa kile kitu, maana mganga alikwishasema kitabisha hata kwa sauti ya mama. Alitaka kuziba masikio lakini angeyaziba kwa kitu gani, mkono mmoja ukiwa kwenye taya na mwingine kwenye chupa, akabaki amesimama hivyo, amefungwa na kazi yake, machozi yakimdondokea mgonjwa kwenye nywele, naye akisikiliza.

"Hodi, dada. Mwenye njaa nimefika. Mbona hunikaribishi?"

Kuluthumu alimkazia macho na kutikisa kichwa. Yudith hakujibu. Mara ya tatu sauti haikusema maneno, ililia tu, kama mtoto aliyefungiwa nje. Kisha ikaondoka.

Harufu ikakatika, na Dina akaanza kuvuta pumzi ndefu, nzuri, za mtu mwenye afya. Daktari alishona. Kuluthumu alimwaga machozi ya furaha, na Yudith alipiga magoti pale pale sakafuni akamshukuru Mungu kwa kumpa nguvu ya kunyamaza.

Dina alipona upesi mpaka daktari akashangaa. Yudith alimchukua nyumbani kwake, akampikia makande yenye maharage mengi kama apendavyo. Hakuyagusa. Alipenda kukaa karibu na moto, viganja vimenyooshwa, na kukoroga sufuria bila kuonja. Shikamoo hakuitoa tena. Aliingia kwa majirani bila hodi, akaketi jikoni kwao na kuwatazama, mpaka watoto wakaanza kumkimbia.

Jioni moja, ukungu ukiwa umeshuka, Yudith alimshika mkono kama anayembembeleza, akahisi mapigo. Yalikuwa ya nguvu. Akainua mkono wa pili na kuweka kidole mbele ya sikio, mahali alipopajua kuliko mahali pengine popote katika mwili wa mwanadamu. Hapakuwa na kitu. Alibonyeza, akangoja. Palikuwa pametulia kama mbao.

Hapo ndipo alipokumbuka kikohozi cha Mzee Kornelio nje ya mlango. Akaelewa ni nani aliyebisha siku ile ya mzee, na siku ya Dina, na kwamba yeye mwenyewe, kwa kunyamaza, ndiye aliyemfungia mdogo wake nje, kisha akamshukuru Mungu kwa hilo.

Kutoka kwenye migomba, mbali kidogo, sauti nyembamba ikabisha.

"Hodi, dada. Mwenye njaa nimefika."

Yudith alifungua mlango kwa nguvu. "Karibu, Dina! Karibu, mdogo wangu, ingia, karibu nyumbani!" Ukungu uliingia, baridi ikaingia, lakini hodi ilibaki pale pale ilipokuwa, ikirudiwa na kurudiwa, kila mara kwa unyonge zaidi.

Nyuma yake mwiko uliendelea kukwangua sufuria.

"Unajisumbua," ilisema sauti ya pale motoni, kwa upole. "Mwenye nyumba hajakaribisha."