Tumbo la Farida

Siku ya kuvunja jungu, Ramadhani ikiwa mlangoni, bucha la Mbwana pale Mwananyamala halikuwa na foleni. Lilikuwa na vita. Wanawake walisukumana kwa viwiko, kila mmoja akiapa kuwa ndiye aliyetangulia. Nyuma ya meza Mbwana alikata nyama na kutania kwa wakati mmoja, kijana mwenye mabega mapana na aproni nyeupe iliyopigwa pasi kama shati la harusi.

Farida alipenya katikati ya msukumano huo. Alikuwa ametoka kazini, kwenye kiwanda cha biskuti Mikocheni, na juu ya baibui lake lenye ukingo wa zambarau ilimganda harufu ya vanila, hata pale penye mifupa na damu ikasikika.

"Nani kaleta keki buchani?" Mbwana akauliza, pua juu.

"Mie si keki, kaka. Nipimie maini."

"Maini tu? Na moyo je?"

"Moyo ninao wangu. Pima maini, watu wana jungu la kuvunja."

Wanawake wakaangua kicheko. "Angalia usijikate kidole, Mbwana!" mmoja akapiga kelele. Mbwana akapima, kisha akaongeza kipande kizuri juu ya mzani.

"Sijaomba nyongeza," Farida akasema.

"Nyongeza haiombwi, dada. Ikiombwa inakuwa deni."

Farida akaondoka akijizuia kucheka, na hakufanikiwa. Wiki iliyofuata akarudi, na iliyofuata tena. Idi ilipofika, Mbwana alikuwa hamwiti tena dada. Alimwita laazizi, na simu yake ilimwamsha Farida kila asubuhi kabla ya jogoo wa jirani.

Lakini lipo jambo ambalo Farida hakumwambia. Maini hayo hayakuwa ya ulafi. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, na kila mwezi damu ilimtoka mpaka ukuta ukawa ndio mkongojo wake. Daktari alimwagiza ale vitu vya kuongeza damu huku akisubiri upasuaji. Basi. Ila Farida alilelewa katika nyumba ya watu wa pwani ambamo mambo ya ndani ya mwanamke huishia nyuma ya pazia. Mama yake, Bi Mwajabu, alimfundisha tangu alipovunja ungo: ukiulizwa unaumwa nini, sema tumbo. Neno hilo linatosha. Lina stara.

Neno hilo hilo ndilo alilolitumia kazini. Maumivu yalipomkaba alimpigia mkuu wa utumishi, Bwana Projestus. "Bosi, leo siji. Tumbo." Aliporudi alimkabidhi cheti cha ED, kile cha daktari cha kumpumzisha mfanyakazi, na Bwana Projestus alikipokea kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa kitambaa cha pua cha mwenzake.

"Tumbo tena?"

"Tumbo, bosi."

"Wewe tumbo lako lina kalenda. Kapumzike nyumbani."

"Nirudi lini?"

"Utapigiwa."

Hakupigiwa. Farida alikaa, akasubiri, hatimaye akavaa sare yake akaenda mwenyewe. Mlinzi wa getini, aliyekuwa akimsalimia kila siku, aliangalia viatu vyake.

"Dada Farida, nisamehe. Jina lako limetolewa. Nimeambiwa nisikufungulie."

Hivyo ndivyo alivyofukuzwa. Hakuna aliyemwita ndani, hakuna aliyemtazama usoni na kumwambia kosa lake. Hata kuku huelekezwa kibla kabla ya kisu! Mwanamke aliyesimama miaka mbele ya tanuri, akipanga biskuti ambazo watoto wa nchi hii wanazila shuleni, aliambiwa mwisho wa kazi yake na geti.

Mama yake akamkumbusha kuwa mshahara ule ulikuwa ukikatwa kila mwezi kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii, na kwamba lipo fao la mtu aliyekosa ajira. Farida akaenda. Dada wa dirishani alimpokea vizuri, akabonyeza kompyuta yake, akasita.

"Dada yangu, fao hili ni la aliyeondolewa kazini. Aliyeacha kwa hiari yake halimhusu. Na mwajiri wako ameandika kuwa umeacha kazi mwenyewe."

"Nimeacha?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Nimeacha mie? Niliyekwenda mpaka getini na sare yangu?" Sauti ya Farida ilipanda mpaka watu wa kwenye mabenchi wakageuka. "Mwizi akikuibia kuku huandika kuwa kuku kahama?"

Yule dada hakukasirika. Akamwelekeza ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, akamhimiza awahi kufungua shauri. Farida akafungua siku hiyo hiyo. Hakuwa na haja ya kurudi kwenye tanuri. Alitaka kitu kimoja: iandikwe kuwa aliachishwa. Bila neno hilo hakuna fao, na bila fao angelala kitandani baada ya upasuaji akimtazama mama yake akikosa cha kuweka jikoni.

Alipotoka huko, simu ikalia. Mbwana.

Asichokijua Farida ni kwamba asubuhi hiyo Manal, aliyekuwa akifunga naye pakiti kiwandani, alipita buchani kununua nusu kilo. Huko kiwandani lile neno la "tumbo" lilikuwa limezunguka kutoka mashine hadi mashine, na kama ilivyo ada ya maneno, lilirudi limevaa nguo nyingine.

"Farida," Mbwana akasema. Hakusema laazizi. "Nimesikia habari. Ni kweli una tumbo?"

Farida alivuta pumzi. Siri ilikuwa imetoka, na kwa mshangao wake aliona nafuu. "Nani kakwambia?"

"Watu wa kazini kwenu. Nijibu wewe."

"Ni kweli, mpenzi. Ninalo. Niliona haya kukwambia."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujajuana. Mama peke yake ndiye anayejua."

Kisu kilisikika kikiwekwa mezani.

"Na yale maini yangu, ulikuwa unayala kwa ajili ya hilo?"

"Daktari ndiye alisema."

"Haya. Allah akusaidie." Simu ikakatwa.

Farida alisimama kando ya barabara, simu sikioni, ingawa hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Kwa hiyo ndivyo wanaume walivyo, akawaza. Kiwanda kimenitupa kwa kuumwa, na huyu naye kanitupa kwa kuumwa. Hakulia. Hasira ilikuwa imekausha machozi yote. Alimfungia namba yake, na siku zilizofuata alikula mchicha.

Bi Mwajabu alivumilia, kisha uvumilivu ukamwisha. Akajitanda khanga zake mbili, akatoka bila kuaga. Kitambo kidogo simu ya Farida ikalia, na nyuma ya sauti ya mama yake kulikuwa na shoka likipasua mifupa.

"Farida! Nipo hapa kwa huyu kijana wako. Nimemwosha mbele za wateja wake."

"Mama! Kwa nini?"

"Nyamaza. Nimemwambia, mwanangu ana uvimbe, na wewe unamkimbia kwa ugonjwa ambao hakuutaka? Unajua kanijibu nini? 'Uvimbe? Mama, si mimba?'"

"Mimba ya nani?"

"Ndiyo nakuuliza! Wewe ulimwambia nini?"

"Aliniuliza kama nina tumbo, nikamwambia ninalo..." Farida akaketi chini sakafuni.

"Tangu kabla hamjajuana," mama yake akamalizia. "Na mie tu ndiye ninayejua. Ewe mtoto wa kike! Hata ningekuwa mie ningekata simu." Kwa mbali sauti ya Mbwana ilisikika ikibembeleza: "Mama, shikamoo tena, naomba simu, dakika moja tu."

"Asipewe," Farida akasema.

"Mwanangu, mtu kakosea neno."

"Neno nilikosea mie, mama. Yeye alikosea kukata simu. Aliuliza maswali kama polisi, akahukumu, akaondoka. Asubiri."

Siku ya usuluhishi, Farida alivaa baibui lake lile la ukingo wa zambarau na mtandio mweupe. Kwenye benchi la ukumbini alimkuta Mbwana, amevaa kanzu, kofia mkononi, amekaa wima kama mtoto wa chuo cha Kurani anayengoja bakora. Bila shaka Bi Mwajabu ndiye aliyemtajia siku.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukaa."

"Basi kaa." Akampita.

Ndani, msuluhishi alikuwa mama mmoja wa makamo aitwaye Lusungu, mwenye sauti ya chini. Bwana Projestus alikuja na tai na faili.

"Huyu aliacha kazi," akasema. "Na kabla ya hapo alikuwa mtoro. Mimi ananiambia tumbo, vyeti vinasema magonjwa ya wanawake. Nimwamini nani, yeye au karatasi?"

Farida alihisi masikio yakiwaka. Mama yake hakumfundisha la kusema baada ya tumbo. Lakini aliona wazi kuwa stara yake ndiyo waliyoifanya kamba ya kumfungia.

"Nilikuambia tumbo kwa sababu wewe ni mwanamume na umri wako ni wa kaka yangu mkubwa," akasema, na hakutazama chini. "Nilikustahi. Sasa sikia. Nina uvimbe kwenye kizazi. Natokwa damu mpaka naanguka. Niliponyanyuka nilikuja kukupangia biskuti zako, na vyeti nilikuletea vyote. Kuna kingine unataka kukijua cha mwilini mwangu, au hicho kinatosha?"

Bwana Projestus alilegeza tai. "Mama msuluhishi, hakuna anayefurahia. Lakini kiwanda hakiwezi kubeba mtu anayeumwa kila mwezi. Kina malengo. Ndiyo maana tukamtoa."

Lusungu aliinua kalamu. "Mkamtoa?"

"Yaani..."

"Aliacha, au mlimtoa? Chagua moja, Bwana Projestus, niandike."

Bwana Projestus alifungua faili, akalifunga. Hakuna alichoweza kuchagua isipokuwa ukweli, maana alishautema mwenyewe. Kabla ya adhuhuri wakakubaliana: kiwanda kingesahihisha kilichoandikwa, kuwa Farida aliachishwa kazi, na kingemlipa haki zake. Alipoulizwa kama angependa kurudi, Farida akajibu, "Hapana, mama. Nilitaka tu isemwe."

Mbwana alikuwa bado pale kwenye benchi. Alisimama.

"Nisamehe, Farida."

"Wewe na Projestus mna tofauti gani? Kila mtu kasikia neno lake, kanipa hukumu yake."

"Tofauti ni kwamba mie sina tai."

Farida alibana midomo. "Usinichekeshe. Nimekasirika."

"Kasirika, mama, ni haki yako. Nitakaa hapa mpaka hasira iishe."

"Na hujui bado. Daktari kasema huenda wakakitoa kizazi chote. Hajui mpaka afungue. Ukitaka watoto, mlango ule pale."

Mbwana aliigeuza kofia yake vidoleni, na safari hii hakutania. "Sijui nitajisikiaje siku hiyo, sitakudanganya. Ila nilipodhani una mimba ya mtu nililia kwa sababu nimekukosa wewe. Sikulilia kizazi. Ngoja upone, nilete wazee."

"Nipone?" Farida akamgeukia, macho yakiwaka upya. "Kiwanda nacho kilinitaka nikiwa mzima tu. Mwenye kunitaka aje nikiwa naumwa."

Akateremka ngazi bila kugeuka.

Marekebisho yakafika kwenye mfuko, na yule dada wa dirishani akampigia Farida mwenyewe kumjulisha kuwa fao limekubaliwa. Jikoni kwa Bi Mwajabu moto haukuzimika. Tarehe ya upasuaji ikafika. Daktari akafungua, akautoa uvimbe, na kizazi akakiacha mahali pake, ingawa hakumwahidi Farida lolote. Mbwana aliijua hospitali, ila hakuambiwa habari hizo. Kila alipopiga simu, Bi Mwajabu alimjibu kwa ukavu kuwa mgonjwa yu hai.

Siku ya pili, saa ya kuona wagonjwa, Farida alikuwa amelala kitandani, midomo imemkauka, nywele hazijachanwa, khanga ya mama yake imemfunika mpaka kifuani. Aliinua kichwa kwa sababu wodi nzima ilikuwa imenyamaza. Mlangoni alisimama mzee wa kanzu na koti jeusi, Mzee Twaha, ami yake Mbwana. Nyuma yake shangazi mtu alibeba sinia lililofunikwa kitambaa cha lasi, na nyuma kabisa alikuwa Mbwana, akitazama sakafu.

Nesi aliwazuia. "Mbona msafara? Hapa wanaingia ndugu tu. Ninyi ni nani kwa mgonjwa?"

Mzee Twaha alivua kofia yake.

"Kwa sasa si lolote, mwanangu," akasema. "Hilo ndilo tulilokuja kuomba."